Je, Wajua? Yaliyozaliwa Kwenye Jukwaa la Shule

Karibu kila sekondari ina kijana ambaye kengele ya mwisho ikilia hakimbilii lango la kutokea, anakimbilia ukumbini. Huko viti vinasogezwa ukutani, mmoja anajaribu kinanda kisicholia funguo zote, mwingine anasaka maleba ndani ya boksi, na mazoezi yanaanza. Jumamosi ukimkosa nyumbani, yuko mahali bendi inapopiga, amesimama mbele kabisa. Wazazi humuuliza kama tamthilia na ngoma vitamfaulisha hesabu. Kurasa hizi ni zake, na pia ni za wanaomuuliza swali hilo.

Tuanze na wimbo unaoimbwa mstarini asubuhi. Je, wajua kwamba tuni ya wimbo wa taifa wa Tanzania ilitoka kwenye kwaya ya shule? Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu kijana wa shule ya Wamethodisti huko Nancefield karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Hakuagizwa na chama wala serikali. Alikuwa na wanafunzi, na alikuwa na mazoea ya kuwatungia nyimbo. Mwaka 1912 wimbo huo uliimbwa kwenye mkutano uliozaa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliichukua tuni hiyo na kuivika maneno ya Kiswahili, na Zambia nayo ikaja kuivika ya kwake. Sontonga alifariki mwaka 1905, miaka mingi kabla ya hayo yote. Mtoto wa shule anayeimba Mungu Ibariki Afrika anaimba kitu kilichotungwa kwa ajili ya watoto wa shule.

Wa Kenya nao una hadithi yake. Mwaka 1963 iliundwa kamati ya wanamuziki watano, na tuni waliyoijengea wimbo ilikuwa ya kubembelezea watoto, kutoka kwa Wapokomo wa bonde la mto Tana. Aliyewapa ni Mzee Meza Moroa Galana. Kiongozi wa kamati alikuwa Graham Hyslop, afisa wa muziki na maigizo tangu enzi za ukoloni, na mtu huyohuyo alikuwa ameandika tamthilia za Kiswahili, zikiwamo Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Kwake muziki na maigizo vilikuwa kazi moja, na ndivyo vilivyo hadi leo kwa mwanafunzi ambaye asubuhi yuko kwenye kwaya na jioni yuko kwenye tamthilia.

Wanafunzi walioandika Kiswahili jukwaani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo wapenzi wa fasihi yetu hawalitaji inavyostahili.

Katika miaka ya 1950, shule ya upili ya Alliance huko Kikuyu, Kenya, ilikuwa na desturi ya kuigiza Shakespeare kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958, ameeleza kwamba aliziona As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Hiyo ndiyo ilikuwa sanaa rasmi ya shule: Kiingereza, maleba ya Kizungu, wafalme wa Uingereza.

Lakini katika shule hiyohiyo, miaka hiyohiyo, wanafunzi walikuwa wakiandika tamthilia zao kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini. Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, na B. M. Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi. Yasikilize majina hayo vizuri: mapenzi, uchawi, polisi, na swali la maisha yenyewe. Ni mambo ambayo kijana wa leo angeyaandikia tamthilia bila kuombwa. Kazi hizo ziliigizwa hata nje ya shule, Nakuru ikiwamo, na Nakupenda Lakini ilichapishwa mwaka 1957, ikawa miongoni mwa tamthilia za mwanzo kabisa za Kiswahili kutoka kama kitabu.

Huo ulikuwa mwaka 1957. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969, na Hatia ya Penina Muhando ikatoka mwaka 1972. Kabla ya magwiji hao tunaowasoma darasani kuchapa kazi zao, vijana wenye sare za shule walikuwa tayari wameonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba jukwaa na kikajaza ukumbi. Naamini majina ya wanafunzi hao yanastahili kufundishwa pamoja na ya Hussein na Muhando, tena mwanzoni mwa somo.

Tamasha, mahakama na wimbo mmoja

Je, wajua kwamba Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la drama la shule na vyuo mwaka 1959? Yote mawili yalianzishwa na Wazungu kwa ladha yao. Katika miaka ya 1970 Wasambo Were, mkaguzi wa drama, alishika usukani wa tamasha la drama na kulifungulia mlango kwa hadithi, ngoma na lugha za Wakenya wenyewe. Leo shule huchujana ngazi kwa ngazi, kutoka mtaani hadi taifa, na washindi hualikwa kuigiza mbele ya Rais.

Kuigiza mbele ya wakubwa si jambo dogo. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya Butere waliandaa Shackles of Doom, tamthilia ya Cleophas Malala kuhusu ukabila na mgawanyo wa mali ya nchi. Ilipigwa marufuku. Kesi ikafika Mahakama Kuu, Jaji David Majanja akaondoa marufuku hiyo, na wasichana wakapanda jukwaani Mombasa. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ilikuja na Echoes of War, ya mwandishi huyohuyo, kuhusu vijana na utawala. Mahakama ikahitajika tena ili waruhusiwe kushiriki. Walipofika Nakuru kwenye tamasha la taifa mwezi Aprili, mwandishi wao alikuwa amezuiwa kuonana nao, na nje polisi walifyatua mabomu ya machozi. Wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza.

Tuni waliyoiimba ni ile ya Wapokomo. Ukumbi haukuwa na watazamaji wa kuwapigia makofi, lakini nchi nzima ilisikia. Wapo waliosema wasichana wale walitumiwa na wanasiasa. Mimi naona kwamba mwanafunzi anayejua maneno yake yote, anayejua lini aingie na lini anyamaze, anajua pia anachokifanya anapoamua kutoigiza.

Wagogo, Wabelgiji na sinema ya Uingereza

Kwa upande wa Tanzania, kila aliyesoma shule ya msingi miaka ya Ujamaa amewahi kusimama mbele ya wageni akajibizana na mwenzake kwa ngonjera. Je, wajua kwamba aliyeipa ngonjera umaarufu huo hakuwa mtu wa pwani? Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 alichukua ushairi wa Kiswahili na kuugawia wahusika wanaobishana, mmoja haelewi na mwingine anaelimisha, ili siasa ya nchi iigizwe badala ya kuhubiriwa. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971. Watoto ndio waliozieneza, kwa vinywa vyao, kwenye viwanja vya shule.

Na Kongo? Mwaka 1954 padri Mbelgiji, Guido Haazen, aliunda kwaya huko Kamina, Katanga: wavulana wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu kama 15. Wakaimba misa ya Kilatini kwa mitindo ya nyimbo za Kongo, na sehemu kubwa yake iliundwa papo kwa papo, bila kuandikwa noti. Ndiyo Missa Luba. Mwaka 1958 walisafiri Ulaya na kuimba kwenye maonyesho makubwa ya dunia huko Brussels. Miaka kumi baadaye sauti zao zilisikika ndani ya sinema ya Uingereza iitwayo if...., inayohusu wanafunzi wanaoasi shule yao. Mhusika mkuu huirudiarudia sahani yao ya santuri chumbani mwake. Sinema hiyo ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Watoto wa Kamina wakawa sauti ya uasi wa vijana wasiowajua kabisa.

Mwili wa anayeimba

Je, wajua kwamba wanakwaya hupatana hadi mioyo? Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Sweden, waliwapima mapigo ya moyo vijana 15 wa miaka 18 walipokuwa wakiimba pamoja. Mioyo ilianza kwenda kasi pamoja na kupunguza kasi pamoja. Chanzo chake ni pumzi. Anayeimba hutoa hewa polepole hadi mwisho wa fungu la maneno, na moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa pumzi. Wote wakivuta hewa mahali pamoja na kuitoa mahali pamoja, mioyo hufuata. Mwalimu wa kwaya anayepiga kelele kwamba mtu asivute pumzi katikati ya neno anapanga mioyo ya watu bila kujua.

Kubalehe huvuruga mpangilio huo. Zoloto la mvulana hukua haraka, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti yake hushuka kwa takriban oktavu nzima. Ya msichana nayo hushuka, ila kidogo tu, nusu-toni kama tatu. Ndiyo maana kijana aliyeimba sauti ya kwanza Januari anaweza kufika Oktoba akiwa kwenye sauti ya nne, na katikati ya mwaka sauti ikamkatika mbele ya watu. Wengi huacha kuimba kipindi hicho kwa aibu, na ni hasara ya bure. Walimu wa sauti hushauri aendelee kuimba ndani ya noti anazozifikia bila kukaza koo, ahamishwe kundi kadiri anavyobadilika, na asichekwe.

Kuhusu woga wa jukwaani, kila mwigizaji kijana ameambiwa "tulia". Je, wajua kwamba ushauri huo si mzuri sana? Mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, mwaka 2014 alichapisha majaribio ambamo watu waliimba karaoke huku mashine ikipima usahihi wao. Waliojiambia kabla ya kuimba kwamba wamechangamka na wana hamu waliimba vizuri kuliko waliojiambia kwamba wana wasiwasi. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Moyo unaodunda na mikono inayotoka jasho ni dalili za hofu na pia ni dalili za hamu. Kuuzima mwili ulioamka ni kazi ngumu, ila kuupa jina jingine inawezekana. Basi mwalimu aliye nyuma ya pazia awaulize vijana wake kama wana hamu, halafu awaachie.

Na makofi? Wanafizikia walirekodi watazamaji katika kumbi za Hungary na Romania na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Mwanzoni kila mtu hupiga kwa kasi yake, kelele tupu. Baadaye, bila kiongozi, ukumbi mzima hupiga kwa mpigo mmoja. Ili hilo litokee, kila mtu hupunguza kasi hadi karibu nusu, maana polepole ndipo watu wanaposikilizana. Kisha hamu ya kuongeza shangwe huwafanya waharakishe tena, na ule mpigo mmoja huvunjika. Chunguza siku ya onyesho la shule yenu, utausikia.

Laivu na pleibeki

Mzazi anaweza kuuliza kwa nini kijana alipe nauli kwenda kumsikiliza mwanamuziki ambaye nyimbo zake zote anazo kwenye simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walitoa jibu mwaka 2024. Waliwaweka wasikilizaji 27 ndani ya mashine inayoonyesha kazi ya ubongo. Mpiga piano alipiga papo hapo, akiona jinsi sehemu ya ubongo inayohusika na hisia ilivyoitikia, na akabadilisha upigaji wake kuifuata. Kisha wakawapigia muziki uliorekodiwa. Muziki wa papo hapo uliamsha sehemu hiyo kwa nguvu zaidi, na kwa uthabiti zaidi. Mpigaji na msikilizaji walikuwa wakivutana. Sahani haikuoni, kwa hiyo haiwezi kukufuata.

Zanzibar wanalijua hilo bila mashine. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Februari tangu mwaka 2004, limeshikilia msimamo kwamba kinachopigwa jukwaani kiwe laivu. Pleibeki haina nafasi. Kwa kijana ambaye amezoea kuona msanii akipanda na kipaza sauti kimoja huku wimbo wote ukitoka kwenye kompyuta, kusimama kwenye tamasha hilo, Ngome Kongwe, mbele ya qanuni, udi na ngoma za kweli ni elimu. Anamwona mpiga besi akimtazama mpiga ngoma kabla ya kubadili, anaona kosa likitokea na jinsi wenzake wanavyolifunika. Kwenye redio hayo huyapati.

Ila masikio hayaoti upya. Chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio zikifa, zimekufa. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani ni hii: desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda unapungua kwa nusu. Desibeli 100, ambazo spika kubwa huzifikia bila taabu, zinakupa dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100, vizibo vya masikio vipatikane, na kuwe na pahali patulivu pa kupumzikia. Kumbi nyingi za kwetu hazijafikia hapo, kwa hiyo kijana ajilinde mwenyewe. Asisimame mbele ya spika, na abebe vizibo mfukoni. Ukirudi nyumbani masikio yanavuma, tayari umezidisha.

Kutoka kijana hadi Juliet

Katika London ya Shakespeare wanawake hawakuigiza kwenye majukwaa ya umma, hivyo Juliet, msichana ambaye katika tamthilia hajatimiza miaka 14, aliigizwa na mvulana. Kulikuwa hata na vikundi vya watoto watupu. Mwaka 1600 mvulana wa miaka 13 aitwaye Thomas Clifton alikamatwa njiani akienda shule na kupelekwa kwa nguvu ukumbi wa Blackfriars akaigize. Baba yake alishtaki. Wakati ule mvulana aliibwa kwa sababu jukwaa lilimhitaji. Leo, mara nyingi, anaambiwa akae chini asome.

Nairobi, karibu miaka 400 baadaye, Juliet aliigizwa na msichana wa miaka 14. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kulipwa, na kundi la Phoenix Players. Jina lake Lupita Nyong'o, na mwaka 2014 alichukua Oscar kwa 12 Years a Slave. Katika jiji hilohilo Bien, Chimano na Savara walianza kuimba pamoja wakiwa wanafunzi wa Upper Hill, sauti tupu bila vyombo, kabla ya kuungana na mpiga gitaa Polycarp na kuwa Sauti Sol mwaka 2005.

Wengi hawatakuwa Lupita, na haidhuru. Huko Arkansas, Marekani, watafiti walitumia bahati nasibu kuchagua makundi ya wanafunzi watakaopelekwa kutazama tamthilia jukwaani, na matokeo yakatoka mwaka 2014. Waliokwenda waliielewa hadithi vizuri zaidi, walikuwa wavumilivu zaidi kwa watu wasiofanana nao, na walisoma hisia za wengine kwa wepesi zaidi. Hao walikaa tu wakatazama.

Kuhusu walioigiza wenyewe, tuwaulize wasichana wa mpango wa Tuseme. Mwaka 1996, Penina Mlama, yuleyule Penina Muhando wa Hatia, pamoja na Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliingia katika sekondari za Tanzania na swali moja kwa wasichana: nini kinawazuia kusoma? Majibu yalikuwa mazito. Kulikuwa na usumbufu wa kingono, mimba, na kunyamazishwa darasani. Hawakuambiwa waandike barua. Walichambua shida zao, wakazigeuza kuwa mchezo wa kuigiza, nyimbo na ngoma, wakaigiza mbele ya walimu, wazazi na viongozi walewale wanaohusika, kisha wakakaa nao kupanga nini kifanyike na nani akifanye. Msichana ambaye asingethubutu kumwambia mwalimu uso kwa uso alilisema lile jambo kwa mdomo wa mhusika, na ukumbi mzima ukamwelewa. Klabu za Tuseme zilibaki shuleni kufuatilia ahadi zilizotolewa. Baadaye mtandao wa wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, ambao Mlama alikuja kuuongoza, uliupeleka mpango huo katika nchi nyingine, Rwanda na Senegal zikiwamo.